Ukoo wa Vijidudu Visivyopenda Hewa

Wahenga walisema, "Kikulacho ki nguoni mwako." Yuko adui mwingine ambaye hakai nguoni, bali hukaa chini ya nyayo. Mkulima anayepalilia sukumawiki Uthiru, fundi anayechimba msingi wa ghorofa Kilimani, mtoto anayecheza pekupeku katika vichochoro vya Kawangware, na mchukuzi anayeteremsha magunia ya viazi katika Soko la Wakulima, katikati ya jiji la Nairobi, wote hukanyaga udongo ambamo zimelala mbegu za ukoo mmoja wa vijidudu. Mbegu hizo hazionekani kwa macho, wala hazimdhuru mtu azikanyagaye kwa ngozi nzima. Lakini zikipata kuingia mahali ambapo hewa haifiki, huamka, zikaota, na baadhi yake zikatoa sumu kali kupita karibu sumu zote zijulikanazo duniani.

Ukoo huu ndio uletao pepopunda kwa watu na chambavu kwa ng'ombe. Ndio uharibuo chakula kilichofungiwa na mchuzi uliolala. Ukiyatazama magonjwa hayo, hayafanani. Mmoja hukaza taya, mwingine hulegeza kope za macho, wa tatu huvimbisha paja la ndama, wa nne huendesha tumbo. Walakini vijidudu viyaletavyo vina tabia moja: vyote huikimbia hewa. Mtu akiifahamu vema tabia hiyo, atakuwa amepata ufunguo wa kujikinga na vyote.

VINAISHIJE BILA HEWA?

Tangu utoto kila mtu hufundishwa kwamba pasipo hewa hapana uhai. Wataalamu wa zamani nao waliamini hivyo mpaka mwaka 1861. Mwaka huo Louis Pasteur wa Ufaransa alitazama kwa hadubini tone la kimiminiko kilichokuwa kikichacha na kutoa harufu ya siagi iliyoharibika. Aliona jambo la ajabu. Vijidudu vilivyokuwa katikati ya tone vilikwenda huku na huku kwa nguvu, lakini vile vilivyokuwa pembeni, mahali ambapo tone lilikutana na hewa, vilikuwa vimetulia tuli. Pasteur akatambua kwamba hewa iwapayo uhai viumbe wengine ilikuwa ikivimaliza vijidudu vile.

Sababu yake ni hii. Katika hewa mna gesi iitwayo oksijeni. Mwili wa mtu huitumia gesi hiyo kuchoma chakula na kupata nguvu, kama vile jiko la makaa linavyohitaji kupepewa. Lakini oksijeni ikiisha kutumika huacha masalio yenye sumu. Mwili wa mtu una kemikali za kuyasafisha masalio hayo kabla hayajadhuru. Vijidudu vya ukoo huu havina kemikali hizo za kutosha. Kwa hiyo oksijeni huviunguza kwa ndani. Vyenyewe hupata nguvu kwa kuchachusha sukari au nyama bila hewa, na katika kazi hiyo hutoa gesi na asidi. Ndiyo maana mahali vilipoota hutokea mapovu na harufu mbaya.

Pengine msomaji atauliza: Ikiwa hewa huviua, vinawezaje kukaa katika vumbi la barabarani? Jibu ni kwamba havikai hapo vikiwa macho. Mambo yakiwa magumu, kijidudu hujitengenezea ndani ya mwili wake mbegu ngumu yenye maganda kadhaa na maji machache. Kijidudu chenyewe hufa, mbegu hubaki. Mbegu hiyo haili, haikui, wala haizai. Yaweza kulala udongoni miaka mingi, ikistahimili jua la kiangazi na mvua ya masika. Hata maji yanayochemka hayaiui upesi. Kwa sababu hiyo hospitali husafisha visu na mikasi ya wapasuaji katika chombo cha mvuke wenye nguvu, ufikao joto la digrii 121. Lakini mbegu ikipata chakula, joto la kadiri, na giza lisilo na hewa, huamka na kuwa kijidudu tena, kana kwamba ililala jana.

JINA NA NASABA YA UKOO

Mwaka 1880 mtaalamu aitwaye Adam Prazmowski aliupa ukoo huu jina la Clostridium, kutokana na neno la Kiyunani lenye maana ya kijiti cha kusokotea nyuzi. Kwa maana kijidudu chenye mbegu ndani yake aghalabu huonekana kimetuna kama kijiti hicho. Vikiwa vingi huitwa klostridia.

Hapo zamani kijidudu kilihesabiwa kuwa cha ukoo huu kikionyesha alama nne: kiwe na umbo la kijiti, kitengeneze mbegu, kisistawi penye hewa, na kishike rangi ya zambarau kikipakwa kwa njia iliyobuniwa mwaka 1884 na Hans Christian Gram, daktari wa Denmark. Kijidudu cha kimeta kina umbo la kijiti, kina mbegu, na hushika rangi hiyo hiyo, lakini chenyewe hupenda hewa. Basi kikatiwa katika ukoo mwingine, uitwao Bacillus. Kwa mfugaji tofauti hiyo ina maana kubwa. Kimeta hutengeneza mbegu zake pale mzoga upasuliwapo na damu ikakutana na hewa. Kwa hiyo mwenye kuupasua mzoga ili aone kilichomuua ng'ombe huenda akawa anapanda ugonjwa shambani mwake kwa mkono wake mwenyewe.

Kwa kufuata alama hizo nne, ukoo wa klostridia uliongezeka hata ukawa na majina zaidi ya mia. Ikawa kama kijiji ambacho kila mgeni avaaye kanzu nyeupe huhesabiwa kuwa jamaa ya mzee mmoja. Baadaye wataalamu walipata njia ya kusoma nasaba yenyewe, yaani maandishi ya urithi yaliyomo ndani ya kila kijidudu. Mwaka 1994 walionyesha kwamba wengi walioitwa ndugu hawakuwa ndugu wa damu, wakawagawa katika makundi mengi. Kundi la kwanza ndilo lililobaki kuwa ukoo halisi, na ndimo walimo ndugu wanne watakaoelezwa hapa. Nyumba yao huitwa Clostridiaceae, nayo imo ndani ya kabila kubwa ambalo tangu mwaka 2021 huitwa Bacillota.

NDUGU WA KWANZA: PEPOPUNDA

Kijidudu cha pepopunda huitwa Clostridium tetani. Mbegu yake hukaa nchani, hata kikaonekana kama kijiti cha kupigia ngoma. Mwaka 1884 Arthur Nicolaier wa Ujerumani alionyesha kwamba udongo wa kawaida, ukitiwa chini ya ngozi ya mnyama, waweza kumletea pepopunda. Lakini hapakuwa na mtu aliyeweza kukiotesha kijidudu chenyewe peke yake mpaka mwaka 1889, alipotokea Mjapani Kitasato Shibasaburo, aliyekuwa akifanya kazi Berlin katika maabara ya Robert Koch. Kitasato alizitumia tabia mbili za ukoo. Kwanza alipasha moto vijidudu vilivyotoka katika jeraha; vingine vyote vikafa, mbegu za pepopunda zikabaki kwa ugumu wake. Kisha akaziotesha ndani ya chombo kilichojazwa gesi ya haidrojeni badala ya hewa. Zikaota.

Msumari ukimchoma mtu mguuni huingia ndani sana, nalo tundu lake hujifunga juu. Damu haifiki sawasawa, na hewa haiingii. Hapo mbegu huamka. Vijidudu vyenyewe havitembei mwilini. Hubaki papo hapo penye jeraha, na huenda jeraha likawa dogo hata mtu amelisahau. Sumu ndiyo isafiriyo. Hupanda kwa mishipa ya fahamu hadi uti wa mgongo, na huko huzuia zile amri ziambiazo misuli ilegee. Misuli yote ikakaza kwa pamoja. Taya hufunga, shingo hukakamaa, mgongo hupindika kama upinde, na kelele ndogo au mwangaza wa ghafula huweza kumtia mgonjwa mishtuko ya maumivu makali, naye ana akili zake timamu. Kwa kawaida dalili huanza kati ya siku 3 na siku 21 baada ya kuumia. Kiasi cha sumu kiwezacho kumwua mtu mzima ni kidogo kuliko chembe moja ya chumvi.

Lakini jeraha la hatari kuliko yote ni lile ambalo kila mwanadamu huzaliwa nalo, yaani kitovu. Kikikatwa kwa wembe mchafu, au kikipakwa udongo, majivu au samadi, mbegu hupata mlango. Mtoto huzaliwa mzima, hunyonya na kulia vizuri siku mbili za kwanza. Kisha siku chache baadaye mdomo wake hukaza, asiweze kunyonya, na mwili hukakamaa. Bila matibabu ya hospitali, karibu watoto wote wapatwao hivyo hufa. Zamani katika nchi nyingi wazee walidhani ni jicho baya au pepo, na mama akalaumiwa bure.

Kinga ilipatikana kwa hatua. Mwaka 1890 Kitasato na mwenzake Emil von Behring walionyesha kwamba damu ya mnyama aliyezoeshwa sumu hiyo kidogo kidogo hupata nguvu ya kuivunja. Katika miaka ya 1920 Gaston Ramon wa Ufaransa akavumbua namna ya kuilainisha sumu kwa dawa na joto, isiweze kudhuru bali iufundishe mwili kujilinda. Hiyo ndiyo chanjo itumikayo hata leo. Mama mjamzito akidungwa, nguvu ya kinga humfikia mtoto tumboni, akazaliwa akiwa na ngao ya majuma yake ya kwanza. Mpango wa chanjo wa taifa ulianza Kenya mwaka 1980, na mtoto hupewa sindano zenye kinga ya pepopunda afikapo majuma 6, 10 na 14. Kabla ya mwaka 2020 Kenya ilikuwa imetiwa katika hesabu ya nchi zilizoushinda ugonjwa huu kwa wazazi na watoto wachanga, maana yake kila wilaya ionekane na chini ya mgonjwa mmoja katika watoto 1,000 wazaliwao hai kwa mwaka.

Hata hivyo yafaa jambo moja lieleweke barabara. Ugonjwa wa ndui ulitangazwa mwaka 1980 kuwa umetoweka duniani, kwa sababu ulipita kwa mtu na mtu tu. Mnyororo ulipokatika, ukaisha. Pepopunda haipiti kwa mtu na mtu. Hutoka udongoni, na udongo haupigwi sindano. Kwa hiyo chanjo ya jirani haimkingi asiyechanjwa, hata wakilala chumba kimoja. Tena, aliyeugua akapona hapati kinga kwa ugonjwa wenyewe, kwani sumu iwezayo kuua ni ndogo mno hata mwili hauitambui. Naye lazima achanjwe kama wengine. Siku mama wa Kangemi au wa Dagoretti watakapoacha kwenda kliniki wakidhani kwamba vita vimekwisha, udongo utakuwa ukingoja pale pale.

NDUGU WA PILI: CHAMBAVU

Magharibi ya jiji, katika vilima vya Kabete, iko maabara ya mifugo ambayo ilianza kazi mwaka 1910, na karibu nayo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi husomea udaktari wa wanyama. Katika mambo ambayo kila daktari wa mifugo hana budi kuyajua ni chambavu, ugonjwa uletwao na Clostridium chauvoei.

Ng'ombe hula mbegu pamoja na majani, hasa baada ya mvua au mahali palipofukuliwa. Mbegu hupita matumboni zikajificha ndani ya misuli, zikalala. Mnyama akigongwa, akianguka au akipigwa fimbo paja likavia, pale palipovia hukosa hewa, na mbegu huamka. Wapatwao hasa ni ndama wa miezi 6 hadi miaka 2, tena wale walionona. Mfugaji huona mnyama wake bora akichechemea asubuhi, ana homa, paja limevimba. Akilibonyeza kwa mkono husikia mchakato chini ya ngozi, kama karatasi kavu, kwa sababu ya gesi. Aghalabu baada ya saa 12 hadi 48 mnyama amekufa, na nyama ya pale mahali ni nyeusi yenye harufu ya siagi iliyochacha.

Nyama hiyo haifai kuliwa wala kuuzwa. Mkaguzi wa nyama katika machinjio ya Dagoretti, yanayoipelekea Nairobi kitoweo chake, huchunguza kila mzoga kabla haujapigwa mhuri na kupakiwa kwenda mabucha ya jijini. Mtu anunuaye nyama ya kichochoroni kwa bei rahisi amejinyima macho ya mkaguzi huyo.

Hapa pia tofauti ile ya udongo huonekana. Sotoka, lililoangamiza ng'ombe wa Afrika Mashariki katika miaka ya 1890, lilitangazwa mwaka 2011 kuwa limetokomezwa duniani, na chanjo iliyosaidia sana ilitengenezwa na Walter Plowright na wenzake huko Muguga, mwendo mfupi kutoka Kabete. Sotoka lilipita kwa ng'ombe na ng'ombe. Chambavu halitatokomezwa kwa njia hiyo. Malisho yaliyozikwa mzoga wake hubaki na mbegu miaka mingi. Dawa ni kuchanja ndama kila mwaka kabla ya mvua, na mzoga kuzikwa shimo refu au kuchomwa bila kupasuliwa.

NDUGU WA TATU: SUMU YA CHAKULA KILICHOFUNGIWA

Mwezi wa Desemba mwaka 1895, katika kijiji cha Ellezelles nchini Ubelgiji, wapiga muziki waliokuwa wamehudhuria mazishi walikula paja la nguruwe lililohifadhiwa kwa chumvi. Wengi waliugua, watatu wakafa. Émile van Ermengem alikipata kijidudu katika nyama ile, na mwaka 1897 akatangaza habari zake. Leo huitwa Clostridium botulinum.

Kenya nayo ina habari yake, iliyoandikwa katika jarida la madaktari wa Uingereza mwaka 1980. Kumbikumbi waliokusanywa magharibi ya nchi walitiwa katika mifuko ya plastiki, wakasafirishwa kwa siku kadhaa, kisha wakaliwa. Baadhi ya watu waliowala walikufa. Kosa halikuwa la kumbikumbi, ambao wazee wamekula tangu kale wakiwa wamekaangwa au kuanikwa juani. Kosa lilikuwa la mfuko. Kumbikumbi hutoka ardhini, na mbegu huweza kutoka pamoja nao; mfuko uliofungwa ukazuia hewa; joto la safari likafanya mengine. Kikapu chenye matundu kingeweza kuwaponya watu wale. Mwaka 2008 kijidudu hicho kilionekana tena katika shule moja ya bweni nchini Uganda.

Sumu hii ni kinyume cha ile ya pepopunda, ijapokuwa watoaji wake ni ndugu. Ile huzuia amri ya kulegea. Hii huzuia amri ya kukaza. Baada ya saa 12 hadi 36 mtu huona vitu viwili viwili, kope humwangukia, ulimi huwa mzito, hawezi kumeza. Kisha udhaifu hushuka mpaka kifuani, akashindwa kupumua. Hana homa, na akili zake ni timamu. Mtu wa namna hiyo apelekwe hospitali mara moja, kwani iko dawa ya kuizuia sumu, lakini haiwezi kurudisha ile iliyokwisha kushika mishipa. Tena mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asilambishwe asali, kwa sababu yaweza kuwa na mbegu hizo, na tumbo lake changa haliwezi kuzizuia zisiote.

Wenye kupanga nasaba wamepata taabu kwa ndugu huyu. Jina la botulinum wamepewa karibu vijidudu vyote vitoao sumu hiyo, lakini nasaba huonyesha kuwa ni makundi manne yaliyo mbali mbali. Ni kama watu wote wa mjini wafuao chuma kuitwa Mhunzi, ingawa kila mmoja ana baba yake.

NDUGU WA NNE: MCHUZI WA JANA

Clostridium perfringens kiligunduliwa na William Welch na George Nuttall, ambao waliandika habari zake huko Marekani mwaka 1892. Hiki hakina haja ya kukimbia hewa kwa ukali kama wenzake, nacho huzaa kwa haraka ya ajabu.

Sufuria kubwa ya mchuzi wa nyama ikichemka katika hoteli ya River Road, vijidudu vilivyo macho hufa, lakini mbegu husalia. Tena kule kuchemka hufukuza hewa iliyokuwa ndani ya mchuzi. Jioni moto huzimwa, sufuria ikafunikwa, ikaachwa mekoni ipoe polepole. Katika joto hilo la kadiri kijidudu kimoja chaweza kuwa viwili kwa muda wa dakika 10 hivi. Kwa hesabu hiyo, kimoja huwa 64 kwa saa moja, na baada ya saa tatu huwa 262,144. Mteja alaye mchuzi huo kesho yake ukiwa umepashwa moto kidogo tu, atashikwa na msokoto wa tumbo na kuhara baada ya saa 6 hadi 24. Wengi hupona kwa siku moja, lakini wazee, watoto na wagonjwa huweza kudhoofika sana. Mpishi mwenye busara huugawa mchuzi katika vyombo vipana, upoe upesi na kuwekwa penye baridi kabla ya saa mbili kupita, na siku ya pili huuchemsha hasa.

Kijidudu hiki hiki huleta ubaya mkubwa zaidi katika jeraha lililopondeka, kama la mtu aliyegongwa na gari. Nyama iliyokufa haina damu wala hewa. Ndani yake gesi huvimba na uozo husambaa kwa saa chache. Kwa hiyo daktari hukata nyama yote iliyokufa, na pengine huliacha jeraha wazi siku kadhaa kabla ya kulishona. Jamaa wa mgonjwa wasidhani kwamba amepuuzwa. Daktari anaiingiza hewa makusudi, maana hewa ni silaha.

ALIYEHAMISHWA NYUMBA

Yuko mmoja ambaye zamani alihesabiwa katika ukoo, lakini nasaba yake ilipochunguzwa akahamishwa mwaka 2016 na kupewa jina la Clostridioides difficile. Huyu hukaa katika matumbo, amezuiwa na vijidudu vyema vilivyo vingi kuliko yeye. Mtu anunuapo antibiotiki katika duka la dawa bila cheti cha daktari, akazimeza kwa kila mafua, huweza kuwaua wale walinzi, na huyu akabaki bwana wa nyumba. Kuhara kwake ni kukali, na huenea wodini kwa mikono. Dawa ya kusugulia mikono yenye spiriti haiui mbegu zake. Maji na sabuni ndivyo viziondoavyo.

SI WOTE WALIO WABAYA

Ingekuwa dhuluma kuulaani ukoo wote kwa makosa ya wachache. Klostridia wengi ni wafagiaji wa dunia: huozesha majani na mizoga, wakaurudishia udongo rutuba. Wengine husaidia tumbo la ng'ombe kuvunja majani. Katika mitambo ya gesi ya samadi, ambayo hupikia chakula katika boma za wafugaji, klostridia ni miongoni mwa vijidudu vinavyoianza kazi, na vingine huimaliza. Wakati wa Vita Kuu ya kwanza Chaim Weizmann, huko Uingereza, alikitumia Clostridium acetobutylicum kutengeneza asetoni iliyohitajiwa kwa baruti. Hata ile sumu ya botulinum, ikipimwa kwa kiasi kidogo mno mikononi mwa daktari, hulegeza misuli ya mtu ambaye macho au shingo hukaza pasipo hiari yake.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Jeraha lioshwe kwa maji mengi safi na sabuni, takataka zote zitolewe. Jeraha la msumari, la jembe au la kung'atwa na mnyama lionyeshwe zahanati siku ile ile, ili ijulikane kama chanjo yahitajika.

2. Kila mama mjamzito aende kliniki mapema na kuuliza habari za chanjo yake ya pepopunda. Kwa mwanamke ambaye hajapata kuchanjwa, sindano ni tano: ya pili hufuata majuma 4 baada ya ya kwanza, ya tatu baada ya miezi 6, ya nne na ya tano kila moja baada ya mwaka. Kadi yake aitunze kama hati ya shamba.

3. Kitovu kikatwe kwa wembe mpya au chombo kilichosafishwa kwa mvuke, nacho kisipakwe kitu ila dawa aliyoagiza muuguzi.

4. Mtoto asikose sindano za majuma 6, 10 na 14.

5. Kumbikumbi, nyama na samaki visifungiwe katika plastiki na kuachwa penye joto. Kopo lililotuna litupwe.

6. Mchuzi upozwe upesi, na ukipashwa moto uchemke.

7. Ndama wachanjwe kabla ya mvua. Mzoga wa mnyama aliyekufa ghafula usipasuliwe. Bwana Mifugo aitwe kwanza.

Mbegu za ukoo huu zilikuwamo udongoni kabla Nairobi haijawa mji, nazo zitakuwamo baada ya wote walio hai leo. Hapana serikali wala daktari awezaye kuzing'oa. Kilichomo katika uwezo wa kila nyumba ni kuzinyima mahali pa kuamkia.